Maswali ya Wasomaji: Chandarua Kipya na Mbu Wasioanguka

SWALI: Vyandarua vya zamani, mbu akigusa tu alianguka. Hivi tulivyogawiwa sasa anatua, anaondoka akiruka. Tumepewa feki?
Msomaji, Misungwi

JIBU: Soma kwanza lebo iliyoshonwa kwenye pindo. Ikitaja dawa mbili na mojawapo ni klofenapiri, ambayo lebo huiandika chlorfenapyr, chandarua chako kiko sawa.

Dawa ya vyandarua vya awali ni pairethroidi, jamii ya sumu iliyoigwa kutoka kwenye pareto. Hushambulia mishipa ya fahamu, ndiyo maana mbu alianguka palepale. Miaka ilivyopita mbu wakajenga usugu: miilini mwao vimeng'enya vinavyovunjavunja sumu hiyo viliongezeka. Klofenapiri inautumia usugu huohuo. Yenyewe ina ukali mdogo, lakini vimeng'enya hivyo vikiigusa vinaigeuza kuwa sumu kamili, nayo inazima mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nguvu. Mbu anaishiwa nguvu taratibu na anaweza kufa hadi saa 72 baadaye, mbali na kitanda chako. Kwa hiyo kuhesabu mizoga sakafuni asubuhi hakukuambii kitu.

Hata maabara ilibidi zibadili vipimo. Kipimo cha kawaida humweka mbu chini ya koni ya plastiki juu ya kitambaa kwa dakika 3, kisha vifo huhesabiwa baada ya saa 24. Kwa klofenapiri kipimo hicho hudanganya, kwa sababu mbu aliyetulia mchana hatumii nguvu nyingi na sumu haigeuki vya kutosha. Badala yake mbu huachiwa usiku kucha kwenye handaki la kioo la sentimita 60 lililokatizwa na kipande cha chandarua chenye matundu 9 ya sentimita moja, upande wa pili akiwepo sungura wa kuwavuta. Wakiruka na kuhangaika kumfikia, dawa inafanya kazi, na vifo huhesabiwa hadi saa 72.

Ushahidi mzito zaidi umetoka kwenu. Jaribio la Misungwi lililochapishwa mwaka 2022 lilikuta kwamba baada ya miaka miwili, watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 penye vyandarua vya pairethroidi pekee, na asilimia 25.6 penye vyandarua vyenye klofenapiri pia. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vitumike penye mbu sugu.

SWALI: Kwa nini vingine ni laini na vingine vigumu kama wavu? Na vinafuliwaje?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Vilaini ni vya poliesta, dawa imepakwa juu ya nyuzi na kushikiliwa na gundi maalumu. Vigumu ni vya polithilini. Dawa huchanganywa na plastiki kabla uzi haujavutwa, kisha hujipenyeza kidogokidogo hadi juu. Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wa mita 9,000. Kati ya poliesta ya 75 na ya 100, chagua ya 100.

Aina zote mbili huharibiwa na ufuaji mbaya. Jiki, brashi, kupiga kwenye jiwe na kuloweka usiku kucha vyote huondoa dawa, na jua kali huiharibu. Tumia beseni, maji baridi na sabuni ya mche, sugua kwa mikono polepole, suuza, anika kivulini. Chandarua hutengenezwa kihimili kufuliwa mara 20 katika miaka 3. Ukifua kila baada ya miezi mitatu utakuwa umefua mara 12 tu, akiba bado ipo.

Tafadhali sana, usifulie ziwani. Pairethroidi ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo. Maji ya kufulia yamwage kwenye shimo la choo, au ardhi kavu mbali na kisima.

SWALI: Kikitoboka nitupe?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Hapana, shona siku hiyohiyo kwa uzi wowote, au weka kiraka cha chandarua kikuukuu. Kagua hasa pindo la chini, linaposuguana na mbao za kitanda. Matundu mengi huanzia hapo. Ukiamka, kifunge fundo juu ili kisiburuzwe.