Sahani ya pili: nilivyojifunza kusimulia kwa kibanda umiza, Rosa Mistika na fuvu la Kalenga

Mkuu, umesema umesoma riwaya tangu sekondari, muvi ndiyo usiseme, lakini kila ukikaa kuandika, hadithi yako inatoka kama muhtasari wa kikao. Unauliza utafute kozi au uendelee kusoma tu. Mimi sijasomea uandishi. Mchana nahesabu mbao kwenye yadi hapa Mafinga, usiku naandika simulizi za vipande, zile za "itaendelea", na kuna watu wachache kwenye grupu wanazilipia. Nitakujibu kwa niliyoyapitia.

Kusoma tu hakutakusaidia. Mtu anaweza kula ugali maisha yake yote na asijue kusonga. Nilisoma hivyo miaka kumi nikabaki msomaji. Kilichonibadilisha ni kuanza kujiuliza, kila ninapojikuta siwezi kufunga kitabu: huyu mwandishi ananisubirisha nini hapa?

Swali hilo sikulitoa kitabuni. Lilianzia Makambako mwaka 2002, nikiwa darasa la sita. Karibu na stendi kulikuwa na kibanda umiza: mabenchi ya mbao, luninga ndogo, magunia yamening'inizwa dirishani kuzuia mwanga, kiingilio shilingi hamsini. Mikanda mingi ilikuwa ya Kichina na hakuna aliyeelewa hata neno. Mwenye kibanda alikuwa na kijana wa kutafsiri, sisi tulimwita Mkalimani. Kichina hakukijua pia. Alitazama midomo inavyocheza akatunga, na mtu wa Hong Kong alipewa ukoo wa Kibena na mashamba ya viazi huko Uwemba.

Usiku mmoja wa mwezi wa sita, baridi ile ya Makambako unayoijua, umeme ukakatika. Adui amemfunga mama wa steringi kwenye nguzo, steringi yuko njiani anakuja. Giza. Watu wakaanza kudai hela zao. Jenereta hakuna. Mkalimani akawasha tochi, akasimama mbele ya luninga, akasema kaeni, namalizia mwenyewe.

Mimi nilitegemea aanze na ngumi. Hakuanza na ngumi. Alisema adui alikuwa anakula. Akatueleza anavyokula: anachambua kuku taratibu, anafuta vidole, anamtazama yule mama bila kusema kitu. Na mezani kuna sahani mbili. Moja yake, nyingine imefunikwa, haina mtu.

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Ya pili ya nani?"

"Subiri, mzee."

Basi hapo akatushika. Akarudi kwa steringi njiani, mvua inamnyea, daraja limevunjika, akapigana na walinzi watatu, na kila akimaliza pambano anaturudisha mezani: kuku anapungua, sahani ya pili bado imefunikwa. Sijui ilichukua nusu saa au zaidi. Hela hazikudaiwa tena. Mwishowe mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mtu akakaa kwenye ile sahani, na yule mtu ni baba wa steringi, aliyezikwa mwanzo wa muvi. Kibanda kizima kilipiga kelele.

Nimeeleza kirefu kwa sababu karibu kila ninachojua kimo mle. Yule kaka hakutuambia "kuna siri". Aliweka sahani. Kitu cha kawaida, cha nyumbani, kinachokaa mahali ambapo hakikupaswa kukaa, kisha akakataa kukieleza hadi tumekiwaza wenyewe tukachoka.

Sasa mimi nilipoanza kuandika, miaka mingi baadaye, nilifanya kinyume kabisa. Unajua lumbesa ya viazi, gunia linajazwa likifika mdomoni wanalishonea kofia juu liendelee kupokea? Sura yangu ya kwanza ilikuwa lumbesa. Jina la msichana, kabila lake, shule aliyosoma, baba alivyokufa, kwa nini hamwamini mwanaume, yote ndani ya kurasa mbili. Kufikia kipande cha tatu wasomaji wamekimbia. Dada yangu alikuwa mkweli peke yake: "Sasa nikisoma kesho nitatafuta nini, wakati umeshanipa kila kitu?"

Nikarudi kwenye vitabu nilivyovipenda, safari hii na daftari la kuhesabia mbao. Cha kwanza kilikuwa Rosa Mistika cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971 na kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kwa kila sura niliandika mstari mmoja tu: kimetokea nini. Halafu nikafanya kama tunavyofanya na rundo la mbao yadini ukitaka kujua ubao upi umebeba wenzake: nikaondoa tukio moja, nikaangalia rundo linabaki limesimama au linaporomoka. Ukiondoa ile barua ya mvulana na kipigo anachopewa Rosa na baba yake Zakaria, kitabu hakipo. Binti aliyefungiwa kwa hofu anapofika mbali na macho ya baba, hajui njia ya katikati, na kila baya linalofuata lina mzizi kwenye ule ua wa nyumbani Ukerewe. Nikafanya hivyohivyo kwa hadithi yangu mwenyewe. Nilitoa matukio tisa kati ya kumi na nne na hakuna kilichotikisika. Niliumia, lakini nilielewa kwa nini inasomeka kama muhtasari wa kikao. Kwenye kikao ajenda ya tatu haisababishwi na ajenda ya pili.

Ukitaka kujifunza kuficha, tafuta vile vitabu vya mpelelezi Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, anza na Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960. Mtazame sana Najum, yule rafiki. Anaona karibu kila anachokiona Bwana Msa ila hajui mwenzake anawaza nini, na sisi tumekaa upande wake. Mwandishi akikuweka ndani ya kichwa cha anayejua yote, mchezo umekwisha.

Kuna jambo lingine lilinichanganya muda mrefu: kama siri ndiyo inayomshika msomaji, mbona tunasimulia hadithi ambazo mwisho wake unajulikana? Jibu nililipata Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini. Nilikwenda na rafiki yangu kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe. Kila mtoto wa Iringa anajua Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891 wakamuua kamanda wao Zelewski, yule waliyembandika jina la Nyundo. Anajua boma la Kalenga lilianguka mwaka 1894, na mtwa akajipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 kuliko kushikwa. Ukiisimulia kwa mpangilio huo, ni somo la historia darasa la tano, watu wanasinzia.

Mzee tuliyemkuta pale hakuanzia Lugalo. Alituuliza kama tumeshawahi kuzika mtu asiye na kichwa. Tukanyamaza. Akaanzia mwaka 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, anakuja Kalenga na fuvu la Mkwawa. Halafu akarudi nyuma: Wajerumani walimkata kichwa wakakipeleka kwao, mwaka 1919 mkataba wa Versailles, ule wa kumaliza Vita ya Kwanza ya Dunia, ukaweka kifungu kwamba fuvu la Mkwawa lirudishwe, miaka ikapita bila kurudi, hadi Twining alipokwenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, mwaka 1953 kulitafuta kwenye makumbusho yenye mafuvu mengi. Miaka 56 tangu Mlambalasi. Ndipo mzee akaturudisha Lugalo, na safari hii ile vita niliyoisikia mara mia ilikuwa na uzito mwingine, kwa sababu kila Mkwawa aliposhinda mimi nilikuwa nakiona kile kichwa.

Kwa hiyo swali halikuwa "atakufa?" Kufa tulikujua. Swali lilikuwa "ushindi huu wataulipia vipi?" Ile sahani ya Makambako tena, ila safari hii imefunuliwa mwanzoni kabisa na bado tunasubiri. Tangu siku hiyo kila simulizi nikiimaliza naiandika upya ikianzia mahali pengine, mara mbili tatu, kabla sijairusha kwenye grupu. Mara nyingi ile ya kwanza ndiyo mbovu kuliko zote.

Kuhusu muvi, nitasema kidogo maana wengi humu wanazijua kunishinda. Zoezi moja tu. Chukua Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kitabu cha mwaka 1999, na filamu aliyoiongoza Amil Shivji iliyotoka 2021. Soma kwanza zile sehemu za mwanzo, Yasmin ameozwa kwa Raza, mzee wa kumzaa. Kabla hujaigusa filamu, ziandike upya bila kutumia "aliwaza", "alihisi", "alijisikia". Kamera haiingii kichwani mwa mtu, ina uso, mikono, mlango na mwanga. Mimi zoezi hilo lilinichukua wiki nzima na ukurasa mmoja. Ukimaliza ndipo uangalie filamu, uone wenzako walichagua nini na walitupa nini. Kitabu kina kurasa zaidi ya mia mbili, filamu haifiki hata saa mbili. Ukianza na filamu utaiga tu.

Kozi kama una hela nenda, sikukatazi. Ila usiende hujapekua hata kitabu kimoja unachokipenda mpaka ukajua nguzo zake zimesimama wapi. Na acha kusoma vipya kwa muda. Rudia vile vitatu ambavyo ungevikimbiza nyumba ikiungua.

Mwaka juzi nilishuka Makambako kusubiri gari la Songea, nikamwona Mkalimani anauza vocha na chaja za simu, mvi zimeanza. Nikampa shikamoo, nikajitambulisha kwa jina la mzee wangu, akanikumbuka. Nikamuuliza ule usiku wa umeme: muvi yenyewe iliishaje kweli? Yule baba alikuwepo?

Akacheka hadi akaweka chini boksi la chaja. Akasema mkanda ule deki ilikuwa imeutafuna tangu walipoununua, hakuna mtu Makambako aliyewahi kufika mwisho wake. Nikamuuliza, sasa wakati unaweka ile sahani, ulikuwa unajua ni ya nani?

"Ningejuaje? Nilikuwa nasubiri na nyie."