Mtani akiniita mtumwa nacheka, tajiri akiniita nanuna

Mleta mada umeuliza kwa nini vijana wa Kinondoni wanaitana "niga" kutwa nzima na hakuna anayenuna, ila Mzungu au Mhindi akilitamka linakuwa tusi. Umeuita unafiki. Sikubaliani nawe, mkuu, na naongea kwa yaliyonikuta.

Mimi Mnyamwezi, nimezaliwa Buguruni. Siku tunamzika mama, mzee mmoja jirani yetu, Mzaramo, mtani wetu, alikaa juu ya mchanga wa kaburi akagoma kunyanyuka. "Watumwa wetu hawa, wapagazi, hata maiti wanaikimbiza kama gunia! Sitoki mpaka nipewe changu." Baba hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. Alicheka huku machozi yanamtoka, akampa elfu mbili. Utani huo ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Alipofiwa yeye, baba alikwenda kumfichia majembe ya kuchimbia kaburi.

Miaka hiyohiyo nilikuwa nabeba mizigo kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Kijana wa mwenye duka, Mhindi, rika langu, hakuwahi kuniita jina. Akiongea na wenzake kwa lugha yao nilikuwa nasikia "golo", na kwa miezi kadhaa nilidhani maana yake ni mzigo, kwa sababu likishatajwa tu naambiwa nibebe. Aliyenifungua macho ni fundi umeme wa pale, Mhindi pia: ni mtumwa, ndivyo wanavyotuita weusi. Kesho yake nimejitwika saruji, mfuko wa kilo 50, nikalisikia tena. Nikasimama. Vumbi linaniingia machoni, shingo inauma, natafuta la kumrudishia. Maneno ninayo, lakini mshahara uko mkononi mwake na kodi ya chumba nadaiwa. Nikaenda kuutua mfuko kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Mtumwa ni mtumwa, kwa Kizaramo na kwa Kihindi. Ila yule mzee nikimjibu msiba unachangamka, huyu nikimjibu sina kazi.

Hilo "niga" lilikuwa neno la waliouza watu Marekani. Wajukuu wa waliouzwa wamelichukua wanaitana wao kwa wao, na vijana wetu wamelipata kwenye muziki, kwao ni mshikaji tu. Tazama na "kafiri": hapa Dar ni suala la dini. Lilipofika Afrika Kusini likawa "kaffir", na mwaka 2018 mahakama ya huko ilimhukumu mwanamke wa Kizungu kifungo cha miaka 3, mmoja ukiahirishwa, kwa kuwatukana nalo polisi weusi.

Na sisi tusijisafishe. Yule fundi tukiwa wawili kwenye chai nilikuwa namwita ponjoro, jina letu la kuwabeza Wahindi, naye ananiita golo, tunacheka. Siku moja simu ilipotea sokoni, vijana wakamzunguka: "Ponjoro, rudi kwenu!" Kwao ni Upanga, hapahapa Dar. Nyumba ya babu yake ilichukuliwa mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya thamani inayozidi shilingi 100,000. Nilimwona anapapasa mifuko kutafuta kitambulisho, mikono inatetemeka.

Kesho yake kwenye chai nilimwita kwa jina lake. Akaniangalia, akauliza, "Vipi, umeninunia?"

Nikashindwa kumjibu.