Kwa nini naomba radhi mtu akinyamaza

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini ukinyamaza kidogo kwenye simu, hata kwa uchovu wa kazi tu, mimi naanza kusema samahani. Tena ukauliza kwa nini bado silali kwetu Marangu wakati wa Krismasi, ilhali mjomba wako alishaniletea isale, lile jani la kuombea msamaha kwetu Wachaga, tukapatana. Haya nakuandikia, kwa sauti nisingeyamaliza.

Nyumbani kwetu wa kubebeshwa lawama nilikuwa mimi. Ng'ombe akipunguza maziwa, nimekamua vibaya. Hela ya kahawa isipotimia, naulizwa mimi kwanza. Sikupigwa kuliko wenzangu, na ndiyo maana majirani hawakuona kitu. Nikiingia jikoni, mazungumzo yanakatika. Babu yako akichinja Desemba alijua fungu la kila mtu, hadi la jirani ambaye hajafika. Langu lilikuwa kile kilichosalia kwenye majani ya mgomba, na hakunipa kwa mkono wake. Nilifika mahali nikawa najua kwa mlio wa ndala za bibi yako kama siku hiyo nina kosa au sina.

Masikio hayo nilihama nayo. Nimefundisha Moshi mjini miaka mingi, na mwalimu mkuu akinipita bila salamu nilishinda nikijipekua nimekosa nini. Mtu akinipa zawadi, natafuta anataka nini. Harusi zinanichosha kuliko misiba, maana msibani najua pa kukaa: kwenye masufuria. Kula nimesimama umenicheka sana, sasa unajua.

Mshauri nasaha niliyekuwa nakwenda kwake aliniambia habari ya utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2003. Watu waliingizwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Ghafla wenzao wanaacha kuwarushia. Ubongo ukaonyesha dalili zinazofanana na za mtu anayeumia mwili. Utafiti mwingine uliofuata ulijaribu kwa watu waliojua kabisa kwamba wanachezeshwa na kompyuta tu, na bado iliwauma. Nilicheka, halafu nikalia. Hao ni watu wazima, kwa dakika chache, na mtu asiyekuwapo. Mimi nilikuwa mtoto, na waliokuwa na mpira ni mama na baba.

Isale la mjomba wako nililipokea kwa moyo mmoja. Yeye naye alikuwa mtoto, hakuupanga mgawo ule. Lakini isale linamaliza ugomvi, na sisi hatukuwahi kugombana. Hakuna siku wala neno ambalo mtu anaweza kuliombea msamaha likaisha. Kwa hiyo sina kinyongo, ila nikilala kule silali, nasikiliza ndala. Wanaosema nikisamehe kweli nitalala wananichosha, hata wakiwa wachungaji.

Wewe nenda. Kale ndafu na binamu zako, ni kwenu. Usinitetee, na usiniletee nani kasema nini. Mimi nitapanda tarehe 26 asubuhi na gari la Himo, nimsalimie bibi yako, nimpelekee sukari na khanga, jioni nishuke. Na siku ukiwa hoi baada ya kazi, niandikie tu, "Mama, nimechoka, tutaongea kesho." Nitalala vizuri.

Mama yako