Mkanda wa kifua, mbona mwembamba?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nafundisha watalii kaiti, ule mchezo wa kuvutwa majini na tiara, hapa Paje, na mwezi ujao naenda kujifunza kuruka na parachuti. Nimeona mikanda yake: ya mapaja mipana, wa kifua kama utepe wa mkoba! Tena nasikia huko juu watu huulegeza. Sasa una kazi gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uzito wako unabebwa na mikanda ya mapaja, kweli. Wa kifua unazuia ile ya mabegani isiachane ukachopoka. Mingine ina milimita 25 tu, lakini utepe wa aina hiyo hufumwa uhimili zaidi ya kilo 1,000.

Mimi upana haunitishi, bizimu ndiyo inanitisha. Nilishona matanga Nungwi kabla ya kushika miavuli ya kurukia, na najua kitu kinaweza kuonekana kimeshika kumbe bado. Mkanda upite kwenye bizimu, uzunguke chuma cha kati, urudi ulikotoka. Usiporudi, ile ncha iliyokunjwa ikashonwa nene hukwama kidogo, nawe unajiona umefunga. Mwavuli ukifunguka kwa kishindo, mkanda unateleza wote. Watu wamekufa hivyo. Basi usitazame tu, ufuatishe kwa kidole, na mwenzio akukague kabla ya kupanda ndege, tena kabla ya kuruka mlangoni. Ncha ichomeke kwenye lastiki yake.

Kulegeza ni kwa wazoefu, mwavuli ukishafunguka sawasawa, ili mikanda ya mabegani itanuke nao mwavuli uelee vizuri. Kulegeza, si kufungua. Wewe bado.