Mnyoo Ukiingia Kwenye Mtandao, Usianze kwa Kuufuta

Mgeni wa kazi za tehama akipigiwa simu kwamba kompyuta fulani "ina virusi", moja kwa moja anaiendea ile iliyolalamikiwa. Anawasha antivirusi, anaskani, anafuta, anaiwasha upya, anarudi kwenye kiti chake. Kwa virusi vya kawaida hiyo inaweza kutosha. Kwa mnyoo, utaitwa tena kwenye kompyuta ileile kabla siku haijaisha, na safari hii majirani zake nao watakuwa wanalalamika.

Virusi hujibandika kwenye faili na kumngoja mtu alifungue. Mnyoo haumngoji mtu. Ukishaingia kwenye kompyuta moja, unazitafuta nyingine wenyewe, unagonga kila mlango hadi upate ulio wazi. Mfano mzuri ni Slammer, uliozuka tarehe 25 Januari 2003. Mnyoo mzima ulikuwa na baiti 376 tu, pungufu ya herufi za aya hii. Haukuandika faili lolote kwenye diski. Uliishi kwenye memori, ukizima seva mnyoo unakufa. Hata hivyo seva nyingi zenye tundu (kasoro ya programu) uliokuwa ukilitafuta zilikumbwa ndani ya takriban dakika kumi, dunia nzima. Kuufuta ilikuwa kazi ya kubonyeza kitufe. Lakini seva isiyozibwa ilipowashwa tena na kuunganishwa, iliambukizwa upya papo hapo.

Ndiyo maana nawasisitizia wanaoanza: kata kwanza, ziba pili, safisha mwisho. Ukigeuza mpangilio huo utazunguka humo humo.

Kukata maana yake ni kuchomoa waya wa mtandao na kuzima Wi-Fi. Kompyuta yenyewe iache ikiwaka kama unaweza, maana yaliyomo kwenye memori ndiyo yatakayokuonyesha programu gani inafanya nini. Ila usiifanye hiyo kuwa amri ya kufuata kwa macho yaliyofumbwa. NotPetya, wa tarehe 27 Juni 2017, ulikuwa ukiiwasha kompyuta upya kisha kuonyesha skrini inayodai Windows inakagua diski. Hakukuwa na ukaguzi wowote. Nyuma ya skrini hiyo ulikuwa ukifunga orodha ambayo Windows huitumia kujua kila faili liko wapi. Ukikuta skrini ya namna hiyo wakati mtandao mzima unachechemea, zima umeme hapo hapo, ng'oa diski uisomee kwenye kompyuta nyingine iliyo salama.

Sasa, utaujuaje mnyoo kabla haujajitangaza? Chukua Conficker, uliotokea Novemba 2008. Ni wa zamani, lakini bado naufundishia kwa sababu ulikusanya hila karibu zote. Dalili ya kwanza kwa ofisi nyingi haikuwa kompyuta nzito, ilikuwa watumiaji kufungiwa akaunti. Mnyoo ulikuwa na orodha ya nywila dhaifu, na ulizijaribu moja baada ya nyingine kwenye akaunti za watu, hadi seva ikazifunga akaunti hizo kwa kudhani wenyewe wamesahau. Dalili ya pili: tovuti zote zinafunguka isipokuwa za kampuni za antivirusi na za Microsoft. Ukiona hivyo, usilaumu intaneti. Ya tatu: huduma ya kusasisha Windows imezimwa na hakuna aliyeizima.

Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta unayoishuku, andika netstat -ano, usome mistari. Kompyuta nzima kiafya huwa na miunganisho kadhaa, mingi kwenda mahali unapopajua. Iliyoambukizwa na mnyoo wa aina hii itakutolea mistari mingi yenye SYN_SENT, yote ikielekea poti ya 445, mlango ambao Windows huutumia kushirikishana faili, kwenye anwani zisizo na uhusiano wowote na kazi zenu. SYN_SENT ni hodi ambayo bado haijaitikiwa. Safu ya mwisho ni namba ya mchakato. Ukiifuata kwa Conficker ungefika kwenye svchost.exe, programu halali kabisa ya Windows, kwa kuwa mnyoo ulijiingiza ndani yake kama faili la DLL, yaani kipande cha programu kinachoendeshwa ndani ya programu nyingine, lenye jina la herufi za kubahatisha. Kwa hiyo jina zuri la mchakato lisikupumbaze.

Hapa lipo jambo ambalo wageni hawaambiwi, na mimi naliweka juu ya yote: usiingie kwenye kompyuta iliyoambukizwa kwa akaunti ya msimamizi wa mtandao mzima. Conficker uliweza kutumia haki za mtu aliyeingia ili kujinakili kwenye kompyuta nyingine. Yaani fundi anayekuja kutibu, akiwa na akaunti inayofungua kila mlango, ndiye anayeupeleka mnyoo hadi kwenye seva. NotPetya ulikwenda mbali zaidi, ukachota siri za kuingilia kutoka kwenye memori. Kompyuta moja tu isiyozibwa, ambayo msimamizi alikuwa ameingia, ilitosha kuziangusha nyingine zilizokwisha kuzibwa vizuri. Tumia akaunti ya ndani ya kompyuta hiyo peke yake, na nywila za wasimamizi zibadilishwe kutoka kwenye kompyuta unayoiamini.

Kuziba ni kuweka kiraka, yaani sasisho la mtengenezaji linaloondoa tundu. Kiraka cha tundu la Slammer kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002. Cha Conficker, MS08-067, kilitoka tarehe 23 Oktoba 2008, kabla ya mnyoo wenyewe. WannaCry, mnyoo uliofunga faili za watu na kudai fidia, ulizuka tarehe 12 Mei 2017, kiraka chake kikiwa kimetoka tarehe 14 Machi. Sijui kwa nini watu bado huzungumzia minyoo kama majanga ya asili. Kipakue kiraka kwenye kompyuta safi, kiandike kwenye CD au kwenye flashi yenye swichi ya kuzuia kuandikwa. Flashi ya kawaida ukiichomeka kwenye kompyuta inayoumwa, ihesabu nayo inaumwa. Conficker uliweka faili la autorun.inf lililofanya dirisha la Windows lionyeshe chaguo lenye picha ya folda, kana kwamba unafungua flashi tu, kumbe unaendesha mnyoo. Windows za sasa haziendeshi programu za flashi zenyewe, ila mtu anayebonyeza kila anachokiona bado yupo.

Na usithibitishe kiraka kwa kuipima kompyuta kutoka nje pekee. Conficker ukishaingia ulikuwa ukiliziba lile tundu kwenye memori, ili minyoo mingine isipite, hivyo kipimo kingeweza kukuambia kompyuta iko salama. Soma orodha ya masasisho yaliyowekwa, ndani ya kompyuta yenyewe. Huku ukiendelea, funga poti ya 445 kati ya kompyuta za watumiaji, na SMBv1, njia ya zamani ya Windows ya kushirikishana faili, uizime moja kwa moja.

(Agosti 2003 alitokea mtu aliyetunga mnyoo wa kutibu mnyoo. Uliitwa Welchia, uliingia kwa tundu lilelile la mnyoo mwingine, Blaster, ukaufuta Blaster, ukapakua kiraka. Pingi zake, yaani hodi fupi za kuuliza kama kompyuta ipo, za kutafuta wagonjwa zilikaba mitandao ya watu. Akikujia mwenzako na wazo kama hilo, mkatalie.)

Kusafisha sasa. Kwa mnyoo unaojulikana, zana rasmi ya kuondoa inafanya kazi, lakini kama mnyoo ulipata haki za msimamizi, mimi napendelea kupiga Windows upya. Mnyoo unaweza kuwa umeleta wageni wengine ambao zana hiyo haiwatafuti. Usitegemee kurejesha kompyuta kwenye hali ya nyuma. Conficker ulifuta kumbukumbu hizo za urejeshaji kwa makusudi.

Kuna minyoo inayoua data, na hapo muda ndio kila kitu. Nyxem wa mwaka 2006 ulitulia hadi tarehe 3 ya kila mwezi, kisha kama nusu saa baada ya kompyuta kuwashwa ukaandika juu ya faili za DOC, XLS, PDF, ZIP na nyinginezo. Ndani ya faili ulibaki mstari mmoja wa maneno ya hitilafu. Hakuna zana ya kulirudisha faili la namna hiyo. Ni bakapu au basi. Na bakapu ninayoisema ni iliyochomolewa, si diski iliyoning'inia kwenye seva mchana na usiku. Kampuni ya meli ya Maersk, iliyoangushwa na NotPetya, iliweza kuijenga upya orodha ya watumiaji wake wote kwa sababu seva moja ya Ghana ilikuwa imekatikiwa umeme wakati mnyoo unapita. Hiyo haikuwa mipango, ilikuwa bahati.

Kabla hujafunga chochote kwenye faiawali, kichujio cha mawasiliano ya mtandao, fahamu mnyoo unafanyaje kazi. WannaCry uliuliza kwanza kama tovuti fulani yenye jina refu lisilo na maana inajibu, ikijibu, ulisimama. Walioiona anwani hiyo kwenye logi (rekodi za mawasiliano) na kuizuia, wakidhani ni ya wahalifu, waliondoa breki kwa mikono yao.

Baada ya yote hayo hubaki kompyuta moja. Hubaki kila mara. Katika ofisi moja niliyoitwa kusaidia, faiawali iliendelea kurekodi hodi za poti ya 445 kutoka anwani ambayo haikuwa kwenye orodha ya vifaa. Tuliichukua anwani, tukapata namba ya kadi ya mtandao, tukaitafuta kwenye jedwali la swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kompyuta kwa waya, hadi tukajua waya wake umechomekwa tundu gani, kisha tukaufuata waya kwa mkono. Ulipanda ukutani, ukapita juu ya dari, ukaishia kwenye kompyuta ndogo juu ya kabati, haina skrini wala kibodi, inayopokea alama za vidole vya mahudhurio. Aliyeiweka alikuwa ameshaacha kazi, na haikuwahi kusasishwa tangu ifungwe pale.

Ukishaipata ya kwenu, endelea kusoma logi kwa wiki chache, na waambie waliokuwa safarini au likizo kwamba laptopu zao hazitaingia kwenye mtandao wa ofisi moja kwa moja. Zitengee swichi yake, isiyoziona seva. Kagua kiraka, skani, angalia netstat ikiwa imetulia, halafu ndipo uziruhusu, moja moja.