Bia miaka 18, bunduki miaka 25

Nina grosari Igoma. Vijana wa siku hizi sura hazisemi ukweli. Nitajuaje kama huyu katimiza 18?

Acha kupima kwa ndevu. Omba kitambulisho cha NIDA: tarakimu nane za mwanzo za namba yake ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ikianza na 20081120, kijana anatimiza 18 tarehe 20 Novemba 2026. Tarehe 19 bado ni mtoto kisheria. Wauzaji wengi huteleza hapo: wanatoa mwaka kwa mwaka, wanapata 18, wanafungua chupa. Namba ya kutajiwa kwa mdomo usiipokee, huenda ni ya kaka yake. Tazama kadi na picha. Hana? Mpe soda.

Huwa namtuma mwanangu wa miaka 13 aniletee bia mbili. Yeye hanywi. Kuna kosa?

Lipo, tena linaanzia kwa muuzaji. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Haijali itaishia kooni mwa nani. Nenda mwenyewe, duka si mbali hivyo.

Marehemu baba katuachia shotigani yenye leseni, tuko Misungwi. Mdogo wetu ana miaka 22, ndiye anayelinda ng'ombe. Abaki nayo?

Hapana. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na bunduki, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka mwombaji awe na miaka 25. Poleni kwa msiba, ila hili lisisubiri arobaini. Nendeni kituo cha polisi kwanza bila bunduki, mkiwa na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, mwelekezwe namna ya kuikabidhi. Siku ya kukabidhi, hakikisheni namba iliyochongwa kwenye chuma ndiyo iliyo kwenye leseni, risasi zihesabiwe mbele yenu, na mpewe maandishi yenye namba hiyo na idadi ya risasi. Bila karatasi hiyo, ndugu mwenye umri akija kuomba leseni yake hatakuwa na cha kuonyesha. Naye ataanza upya, tangu serikali ya kijiji na kata, na miaka 25 peke yake haimpi leseni. Kuificha darini "mpaka dogo akue" ni kumiliki silaha bila kibali.

Na gobore?

Nalo ni silaha ya moto. Halina punguzo la umri.

Eti Marekani mtu wa miaka 18 ananunua bunduki lakini bia hapewi mpaka 21?

Ni kweli kwa bunduki ndefu. Sheria yao ya 1968 inamruhusu muuzaji mwenye leseni kumuuzia raifo au shotigani aliyetimiza 18. Bastola ni 21. Majimbo mengine yamekaza zaidi: Florida ilipandisha zote kuwa 21 mwaka 2018. Kwa bia, Bunge lao mwaka 1984, likihangaishwa na ajali za vijana walevi, liliamua jimbo linalouza pombe kwa walio chini ya 21 likatwe sehemu ya fedha za barabara. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamesalimu amri. Umri wa kunywa ulipandishwa kwa pesa za lami.