"Mwanababa ateuliwa kuongoza benki"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni wakili, nipo Arusha. Naandika katiba ya kampuni kwa Kiswahili, na mteja wangu anataka ibara itakayowapa wanawake angalau theluthi moja ya viti vya bodi. Niandike "wakurugenzi wa kike" au "wakurugenzi wanawake"? Halafu mwenzangu aliyesomea Nairobi ananibishia hata hiyo "theluthi", anadai ni "thuluthi". Tuamue.

JIBU: Marahaba, wakili msomi. Andika "wakurugenzi wanawake". "Wa kike" si kosa. Tunasema mtoto wa kike, mwalimu wa kike, na hakuna aliyewahi kushtakiwa. Ila "-a kike" hubeba pia maana ya namna au mtindo: viatu vya kike, sauti ya kike, mambo ya kike. Wahenga waliuita mkono wa kulia wa kuume na wa kushoto wa kuke, kwa hiyo mzizi huo ulishapangiwa upande wake zamani. Wewe unataka watu wa kuhesabu, na "wanawake" wanahesabika.

Swali lako limekwisha. Sasa, kwa kuwa umeniletea wanawake na bodi kwa pamoja, nivumilie nitoe lililonikaa kooni: "mwanamama".

Mwanamke akikabidhiwa benki, kiwanda au mfuko wa pensheni, mhariri hapati usingizi mpaka amwite mwanamama. Akiwa chini ya miaka arobaini, mwanadada. Neno lenyewe limeundwaje? Mwanasheria ni wa sheria, mwanahisa ni wa hisa, mwanachama ni wa chama. Mwanamama basi ni wa mama. Nani kati yetu si wa mama? Mwenyekiti mwenye ndevu, mlinzi wa getini na mhariri mwenyewe, wote wanamama.

Watetezi wake huniambia ni neno la heshima. Vema, tusiwanyime wanaume heshima hiyo. "Mwanababa ateuliwa kuongoza benki." Endelea na habari: "Mwanababa huyo, msomi wa sheria za kampuni na baba wa watoto watatu, amesema ataendelea kutenga muda wa familia. Akiwa amevalia suti ya kijivu iliyomkaa vyema, mwanababa huyo alimshukuru mkewe kwa kumruhusu kufanya kazi." Ukurasa wa pili: "Mwanakaka machachari atikisa soko la hisa." Wasomee wanaume wa ofisini kwako kwa sauti, kisha uwaulize wameheshimika kiasi gani.

Lugha yenyewe haikudai haya. Mwaka 2020 Benki ya NMB ilimpa Ruth Zaipuna cheo cha Afisa Mtendaji Mkuu. Maneno matatu, na hakuna hata moja linaloulizia jinsia ya aliyepewa. Mwenyekiti ni mwenye kiti, kiti hakijali. Pale ambapo jinsia ndiyo habari, "mwanamke" linatosha kabisa: Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 19, 2021, "Rais wa kwanza mwanamke" ilikuwa taarifa kamili, na haikuhitaji mapambo.

"Mama Mwenyekiti" nimeshachoka kupigana nalo. Mkutanoni liacheni, ni adabu yetu, na yeyote anayetaka kutufundisha kutosema "mama" ana kazi ndefu. Kwenye muhtasari wa kikao lisiingie. Huko aandikwe Mwenyekiti.

Cheo kinachowatesa wanawake zaidi ni katibu wa kampuni, yaani afisa wa ngazi ya juu anayesimamia taratibu na kumbukumbu za bodi, si karani. Neno limetoka Uarabuni likiwa na maana ya mwandishi, na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Rebecca Miano, mwanasheria, alikuwa katibu wa kampuni pale KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, kabla ya kuiongoza kuanzia 2017. Lakini mwanamke akijitambulisha mapokezini kuwa katibu wa kampuni, kuna mgeni atakayemuuliza kama bosi yupo. Mwanamume mwenye cheo hichohicho huombwa kadi yake.

Upande wenu mawakili nao si salama. Hati za kampuni zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza zimejaa hivi: "Mkurugenzi, iwapo yeye (wa kiume au wa kike) ana maslahi katika mkataba, yeye (wa kiume au wa kike) atatangaza maslahi yake (ya kiume au ya kike)." Hayo maslahi ya kike sijui yanafananaje. Sema: "Mkurugenzi mwenye maslahi katika mkataba atayatangaza mbele ya bodi." Hiyo "a" ya "atayatangaza" inawabeba wote, na imekuwa ikiwabeba kabla ya kampuni ya kwanza kusajiliwa.

Waingereza wana sababu ya kujihami kwa kutaja jinsia zote mbili. Mwaka 1913 Mahakama yao ya Rufani ilimkatalia Gwyneth Bebb njia ya uwakili kwa hoja kwamba mwanamke si "mtu" kwa maana ya Sheria ya Mawakili ya 1843; ikabidi Bunge lirekebishe mwaka 1919. Mwambie Mswahili yeyote kwamba bibi yake si mtu, halafu kimbia. Kidonda si chetu, kwa nini tuvae bandeji?

Ibara yako iwe: "Wakurugenzi wanawake hawatapungua theluthi moja ya wajumbe wa bodi." Na useme la kufanya hesabu isipogawanyika. Bodi ya watu saba, theluthi yake ni wawili na kipande, na kipande hicho wajumbe watakigombania mpaka mahakamani. Norway, katika sheria yake ya 2003 ya asilimia 40, ilizitajia bodi ndogo idadi kamili ya watu. Iga hapo.

Kuhusu mwenzako: Kiarabu kiko upande wake, maana huko ni "thuluth", na Wakenya wanaoizungumzia ibara ya 27(8) ya Katiba yao ya 2010, ile ya uwiano wa jinsia, husema "thuluthi mbili". Kamusi zetu zina "theluthi". Hati ikisajiliwa Tanzania, iwe theluthi. Ikivuka Namanga, mwenzako airekebishe, na amtoze mteja.